Nguzo ya Ndesanjo

Mektrida akikasirika, Kibosho nzima ya juu ilijua. Hakuwa mtu wa kununa pembeni. Alimwaga yote palepale, Kiswahili na Kichagga, na yakimwishia alianza upya. Na mwaka ule wa tisini na sita alikuwa na kila haki ya kufoka.

Kamati ya ujenzi ilitaka kubomoa kanisa la mbao, ijenge jipya. Kanisa lile, jamani! Lilijengwa wakati wa Mjerumani bila msumari hata mmoja. Kila ukoo uliingia msituni ukaleta nguzo yake ya mti wa mkulo. Ncha za boriti zikachongwa, zikapenyezwa kwenye matundu ya nguzo na kukazwa kwa vigingi vya mti. Masika ngapi zimelipiga, na bado ukiingia unapokelewa na harufu ya mkulo. Nguzo ya kwanza barazani ililetwa na Ndesanjo, baba yake Mektrida. Gogo lilimponyoka kwenye mteremko likamvunja mguu, mguu ukaunga vibaya. Tangu hapo kila Jumapili alisikiliza misa akiwa ameegemea nguzo ileile iliyomlemaza, mpaka mti ukang'aa pale bega lake lilipokaa. Mektrida hakuwa na picha ya baba yake. Alikuwa na ule mng'ao tu.

Sasa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni nani? Aristides, mwanawe wa kumzaa! Tangu biashara ziachiwe huru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, na eti sasa kanisa jipya linataka saruji na marumaru. Makubwa haya! Mektrida aliyasema hayo mbele ya kamati nzima, wakainamisha vichwa. Ndugu zake wa upande wa baba walikuwa wamekufa au wamehama, hakuna mwingine wa kumsemea Ndesanjo.

Kisha jirani yake Yuditha akamletea habari kutoka mjini. Nguzo zote zilikuwa zinakwenda mtaa wa Majengo kwa mafundi seremala, zikachongwe kaunta ya baa kwenye gesti mpya ya Aristides.

"Walevi waweke viwiko pale baba yangu alipoweka bega!" Mektrida alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Asubuhi ya kubomoa, Aristides alifika na pikapu yake, mkononi ameshika isale. Kwa Wachagga ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hukatai, hata kama aliyelileta amemwaga damu ya ndugu yako. Jani moja linatosha. Lakini huyu mtu wa mjini alikuwa amekata shina zima, majani yananing'inia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Naomba radhi, Mama. Mafundi wanaanza leo. Sitaki tubomoe ukiwa na kinyongo."

"Loo! Isale ni la kosa lililokwisha kutendeka. Wewe unaomba msamaha ndipo ukakosee?"

"Isale halikataliwi, Mama."

"Nani kakataa? Lete."

Alilinyakua, akachukua jembe lake mlangoni, akapanda njia ya kanisani, mwanawe nyuma yake anamwita na yeye hageuki. Mafundi walikuwa wameshaegemeza ngazi. Mektrida akachimba chini ya nguzo ya Ndesanjo, akalipanda lile shina, akashindilia udongo kwa miguu. Mafundi wakaweka nyundo chini. Wote walikuwa wa mlimani hapohapo, na isale likishapandwa, kwenye mpaka au kwenye kaburi, hakuna mwenye akili timamu anayeligusa.

"Nimekusamehe, mwanangu!" alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Isale umelileta mwenyewe, kwa mkono wako. Haya, ling'oe tuendelee!"

Aristides aliinama. Mkono ukafika kwenye majani, ukarudi.

"Shusheni ngazi," akawaambia mafundi.

Mektrida aliegemea nguzo, bega lake likakaa pale palipong'aa, akavuta pumzi, kisha akaanza kumfokea upya, safari hii kuhusu ile kaunta.