Chumvi ya Mama na Mbuzi Mkaidi

Juzi nilikwenda Al Rayyan, kando ya Doha, kumpelekea Mwarabu mmoja gari, moja ya magari yangu mwenyewe ya biashara, nikaona zizini kwake kondoo akimpiga teke mwanawe. Harufu ya lile zizi ikanirudisha nyumbani kwa mama.

Ilikuwa masika, ningali mtoto, matope yamejaa uani, nami nilikuwa nimetoka kuzoa samadi. Mbuzi wetu alikuwa amezaa asubuhi, akamkataa mwanawe. Kila kitoto kikisogelea chuchu, anakirusha kwa pembe. Kufikia alasiri kilikuwa hakina hata nguvu ya kulia. Mama akatoka jikoni na chumvi kiganjani, akaanza kukipaka mgongo mzima.

Mimi chumvi nilijua ni ya nyama. Nikaangua kilio.

"Mama, usikichome! Bado kizima!"

"Wee baba, nani kakwambia tunakula mbuzi na manyoya yake? Hebu mshike mama yake pembe, acha kunipigia kelele."

Nikamshika. Mbuzi akanusa, akalamba chumvi. Akalamba tena, kwa ulafi tu, mapenzi hana.

"Mwache," mama akasema polepole. "Akimlamba sana atamzoea."

Na kweli, chumvi iliisha, ulimi ukaendelea. Kitoto kikasimama kwa kuyumbayumba, kikanyonya, mkia ukitikisika.

Hapa Doha watu wananisifu kwa kuwalainisha wateja wagumu, hata matajiri wa kisiwa cha Pearl, na kweli nawaweza. Lakini yule mbuzi angenishinda. Mama alimweza kwa kiganja kimoja cha chumvi.