Wimbo wa Jiwe la Kusagia

Kila asubuhi, huku Marekani, naendesha gari kutoka mji wa Blaine hadi ule wa Golden Valley kumhudumia bikizee mmoja wa Kimarekani. Ujanani alikuwa mmisionari, Mbaptisti wa kwanza kufika milimani kwetu, na mumewe ndiye aliyembatiza bibi yangu mtoni. Tuligundua hayo siku shikamoo iliponiponyoka kwa mazoea, naye akaitika marahaba bila kusita, tukaanza kuulizana.

Majuzi, nikimchana nywele, alianza kuimba wimbo nisioujua. Akakwama katikati.

"Wanawake wa kwenu waliuimba wakisaga ulezi," alisema. "Nimalizie, mjukuu wangu."

Nikamwambia siujui. Bibi yangu alisaga ulezi kimya. Utotoni nilidhani ndivyo inavyotakiwa, kwamba mbele ya jiwe la kusagia watu hunyamaza kama msibani.

"Niliwakataza mimi," alisema. "Nyimbo zile zilitaja mizimu, nikawaambia aliyebatizwa asiziimbe. Wote wakanitii. Laiti hata mmoja angekaidi."

Hasira ilinipanda. Kumbe kimya kile cha bibi yangu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu ninayemchana nywele! Lakini mtu wa miaka tisini utamgombeza umwambie nini? Nikamwimbia nilichokuwa nacho: wimbo wa kanisani, ule aliokuwa akiupenda bibi yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Huo ni wetu," alisema. "Mimi nilitaka wenu."