Ufa Niliouficha kwenye Gobori la Mzee Arne

Mwanangu, ipo siku moja ya Novemba ambayo kila nikiikumbuka naona haya kwanza, halafu nashukuru. Kaa nikusimulie. Ni habari ya bunduki, lakini usiogope, hakuna aliyepigwa risasi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa uhandisi hapa Minneapolis, nimetoka Sikonge, mkoa wa Tabora, na nilijiona najua kila kitu. Mimi na Mkenya mmoja aitwaye Wanjiru tulikuwa tumepanga vyumba vya juu katika nyumba ya mzee mmoja mtaa wa Phillips, mzee aliyefiwa na mkewe. Jina lake Arne. Watu wa hapa humwita mtu mzima kwa jina tupu, lakini mimi sikuweza. Nikamwita Mzee Arne, naye akalipenda hilo neno hata akawa anajitambulisha hivyo kwenye simu.

Mzee Arne alikuwa fundi wa mitambo maisha yake yote. Alipostaafu mikono ikaanza kutetemeka, kidogo kidogo, mpaka kikombe cha kahawa akawa anakishika kwa mikono miwili. Chini ya nyumba alikuwa na karakana yake, na kwenye kabati la karakana hiyo kulikuwa na sanduku alilopewa zawadi na mkewe kabla hajafa. Ndani yake mlikuwa na gobori, bunduki ile ya kushindiliwa baruti kwa mdomoni, ila halijaunganishwa. Mtutu peke yake, kifyatulio peke yake, vipande vya shaba, na mti wake wa kitako uliochongwa nusu, ili mwenye nalo alimalizie mwenyewe nyumbani. Alikuwa ameliahirisha mwaka hadi mwaka, na sasa mikono haikubali tena. Naye alitaka sana bintiye, Karin, aende nalo kuwinda paa msimu wa Desemba. Karin alikuwa muuguzi huko Saint Paul, na tangu utoto alikuwa akiwinda na baba yake.

Nilipoliona lile gobori mezani nilicheka kwa furaha. Marehemu baba yangu aliwinda kwa gobori, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia alipolisafisha. "Hili nalijua," nikamwambia Mzee Arne. Kusema kweli nililijua kwa kulishika tu, si kwa kulitengeneza. Lakini tukakubaliana: yeye atatazama na kuelekeza, mimi nitafanya kwa mikono yangu.

Wiki mbili kazi ilikwenda vizuri. Kisha tukafika kwenye mtutu. Ulitakiwa ulale ndani ya mfereji uliochongwa kwenye mti, ukae sawasawa, usibane wala usilegee. Ukagoma. Mbele uliingia, nyuma ukabaki juu, unene wa kidole hivi. Tuliutoa na kuurudisha mara nyingi, na kila mara ulikwama palepale.

"Tuuache," akasema Mzee Arne. "Kesho nina miadi hospitali. Nikirudi tutatafuta mahali unapogusa. Usiugonge."

Nikaitikia vizuri kabisa. Na kesho yake, alipoondoka tu, nikashuka karakana.

Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Nilitaka arudi akute umeingia, afurahi. Nilitaka pia asifu kazi yangu, hilo nalo nikiri. Nikaanza na nyundo ya mpira. Mtutu ukashuka kidogo. Nikagonga tena, haukusogea. Ndipo nikachukua nyundo ya chuma, nikaifunga kitambaa, nikapiga kwa nguvu.

Mtutu uliingia wote. Lakini pamoja nao nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti.

Nikainua mti na kuutazama kwenye taa. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetokea pale shingoni, mahali ambapo mpigaji hushika na kuweka shavu. Ukiubana kwa vidole, haukuonekana. Na badala ya kuketi nimsubiri mwenye mali, nikatafuta gundi. Nikaisukumia ndani ya ufa kwa wembe, nikakaza kwa jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nikapiga msasa, nikapaka mafuta juu. Baada ya saa mbili hata mimi nililazimika kutafuta ulipo.

Mzee Arne aliporudi alishuka ngazi polepole, akaona mtutu umelala mahali pake. Akaupapasa mwanzo hadi mwisho. Machozi yakamlengalenga. "Mke wangu angefurahi sana," akasema. Hakuniuliza nilifanyaje. Akapanda juu kumpigia Karin simu: Jumamosi waende uwanja wa shabaha wakalijaribu.

Siku tatu zile sikula vizuri. Nilijua baruti ina nguvu gani. Nilimwona baba yangu bega lake limevimba, na bunduki yake ilikuwa nzima. Mti uliopasuka shingoni ukikatika wakati wa kupiga, unamkatikia mtu usoni. Ijumaa nikamwambia Wanjiru yote.

Wanjiru aliacha kukunja nguo. "Si uende umwambie tu?"

"Atanifukuza."

"Akufukuze basi. Tutatafuta nyumba nyingine. Lakini yule msichana akiumia jicho, hilo utalipeleka wapi?"

Bado sikwenda, mwanangu. Nakuambia ili ujue jinsi woga ulivyo. Nilingoja mpaka Jumamosi asubuhi, theluji nyepesi inaanguka, Karin ameshafungua mlango wa gari na anapokea gobori kutoka mikononi mwa baba yake. Ndipo nikatoka na kandambili mbio mpaka barabarani.

"Msiende nalo!" nikasema. "Lina ufa. Nililipasua mimi, kisha nikauziba ufa kwa gundi."

Mzee Arne akalichukua tena, akaingia nalo ndani hadi dirishani, sisi nyuma yake, akaminya shingo ya mti kwa kidole gumba. Ufa ukafunguka. Karin akanitazama, akaugusa uso wake mwenyewe, akatoka nje kusimama kwenye theluji.

"Ulisikia ulipopasuka?" Mzee Arne akaniuliza.

"Nilisikia."

"Kugonga nakusamehe sasa hivi. Nimevunja vitu vingi kuliko wewe. Lakini hii gundi..." Akaliegemeza gobori ukutani. "Gundi nipe siku kadhaa. Nina hasira sana. Nenda juu."

Nikapanda juu nikaanza kufunga sanduku langu.

Siku ya nne nikasikia hodi. Mzee Arne alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa mkononi. Akaona sanduku. "Unasafiri?" akauliza. Nikalisukuma kando kwa mguu. "Nimeagiza mti mwingine. Hautawahi msimu huu, Karin atawinda na bunduki yake ya kawaida. Ukifika tutaanza upya. Shuka nikuonyeshe huu mshumaa ni wa nini."

Mti mpya ukafika, na majira yote ya baridi tulikuwa karakana, mimi na yeye. Aliniambia niupitishe mtutu juu ya moshi wa mshumaa mpaka upate masizi, niulaze kwenye mfereji taratibu, kisha niuinue. Pale mti ulipogusana na chuma palibaki alama nyeusi. Hapo tu ndipo nilikwangua, unyoya mmoja wa mbao, na kurudia. Siku nyingine saa nzima ilipita mtutu haujashuka hata unene wa karatasi. Nikikunja uso, alicheka. "Haukukatalii," aliniambia. "Una mahali panapouumiza. Tafuta mahali hapo."

Mwezi wa Machi mtutu ukaingia wenyewe, kwa uzito wake, bila kusukumwa. Aliniambia nichonge jina langu chini ya mtutu, kando ya lake, mahali pasipoonekana. Karin alilitumia gobori msimu uliofuata, na mguu wa paa wa kwanza aliuleta mlangoni kwangu. Nikaupika kwa nazi, Mzee Arne akala akaramba vidole. Miaka sita baadaye nilimzika kama mzazi wangu, nimeshikana mkono na Karin.

Kutokana na karakana ile nilipata kazi yangu ya maisha. Natengeneza miguu ya bandia. Mtu akija akisema mguu unambana, simwambii avumilie, wala sisukumi. Nauvua, natazama ngozi ilipokuwa nyekundu, napunguza hapo. Wapo waliokwishakata tamaa, leo wanatembea.

Basi nikuombe hivi, mwanangu. Kitu kikikataa kuingia, kazi iwe, ndoa iwe, mtoto wako awe, weka nyundo chini kwanza uulize kinagusa wapi. Na ukishavunja, kwa maana utavunja tu, sema siku ileile. Usisubiri mtu awe ameshika hatari mkononi kwa sababu wewe unaogopa kufukuzwa. Mimi nilichelewa siku tatu, na ni Mungu tu aliyenipa miguu ya kukimbia asubuhi ile.

Mungu akubarikie mikono yako, mwanangu, iwe na nguvu na iwe na subira. Akupe rafiki wa kukuambia ukweli huku anakunja nguo zake. Na akukutanishe na watu wanaojua kukukasirikia bila kukutupa. Mimi alinipa mmoja, na hadi leo sijamaliza kumshukuru.