Mnyororo Hauna Kosa

Jirani yangu fundi baiskeli alikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia mteja anapomaliza kumfungia mnyororo: "Huu haukatiki." Watu wakamwita Haukatiki, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mamaye. Kibanda chake na changu viligusana mabega. Yeye na nyundo, mimi na cherehani, miaka kumi na tisa, na kati yetu ukuta mmoja wa mbao wenye nyufa za kutosha kupitisha umbea wa mji mzima.

Sitamsingizia, kazi aliijua. Alifundishwa na mjomba wake, mzee aliyemchapa kwa mnyororo kila alipokosea, na makovu yake alituonyesha kama watu wanavyoonyesha vyeti. Ukimletea mnyororo, aliushika mwisho mmoja akaulaza kwa ubavu hewani. Mpya ulisimama kama rula. Uliochoka uliinamisha kichwa. Kisha alichukua rula yenyewe, ile ya shule, akaanza kwenye pini moja na kuhesabu pingili ishirini na nne. Pini ya mwisho ikiangukia inchi kumi na mbili, mnyororo mzima. Ikipita kwa unene wa njiti ya kiberiti, alikurudishia mkononi.

"Huu umekufa, umebaki kuzikwa."

Minyororo minene myeusi ya zamani aliiheshimu. Myembamba ya baiskeli za gia aliivumilia. Ila ile inayong'aa ya dukani hakutaka hata kuigusa. "Huo ni mkufu," alimwambia mtu mzima mbele ya watu, "kamvalishe mkeo." Na kulikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaikariri mimi nisiyejua hata kuziba pancha. Mnyororo hauna kosa, alisema, hukatikia pale mkono wa mtu ulipopita. Pini ikishasukumwa ikatoka yote, hiyo ni maiti, imelegeza tundu lake na haitashika tena. Tia mpya. Fundi anayerudisha pini iliyotoka ni muuaji.

Basi kama mnyororo hauna kosa, lazima mwenye kosa atafutwe, na hilo ndilo aliloliishia. Ukuta wake wa nyuma ulijaa misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia mnyororo uliokatika. Chini yake aliandika kwa chaki, alizoletewa na mkewe kutoka shuleni, nani alikuwa mwenyewe na kosa lake lilikuwa nini. "Mwalimu — hapaki mafuta." "Msusi — haraka." "Muuza mikate — ubahili." Huyo wa mikate alianguka kifudifudi akang'oka meno mawili ya mbele, na alipokuja mdomo umevimba, Haukatiki alimwambia, "Sasa mikate yako utaila kwa kuloweka." Watu walicheka. Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Mkuki kwa nguruwe, bwana. Zamu yangu ilifika. Mnyororo ulinikatikia mbele ya kituo cha basi, siku ya mvua, nikakaa kwenye dimbwi na gauni la mteja mikononi. Kesho yake nilifungua kibanda nikasikia wanaume wanacheka upande wa pili. Nikachungulia kwenye ufa. "Mshonaji — makalio."

Wiki nzima walikuja watu wasio na baiskeli, kusoma tu. Mtu mmoja peke yake hakucheka, mkewe. Ndiye aliyenikuta pale kwenye dimbwi akitoka kazini, akaniinua na kunipangusa tope kwa kitambaa chake cha jikoni. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene wa maneno machache. Mimi na mumewe tuliitana kaka na dada, kwa hiyo yeye alikuwa wifi yangu. Nilimsikia akimwambia, "Futa. Huyo ni dada yako."

"Ukuta haufutwi," akajibu.

Toka siku hiyo nilimchukia fundi. Nilimsalimia kila asubuhi, nilimwazima moto na chumvi, na nilimchukia.

Kinyozi hajinyoi. Mnyororo wa mkewe ulianza kuruka meno ya gurudumu, na kila alipomwambia alijibiwa kesho. Wiki tatu za kesho. Na njia yake ya kwenda shule ina mlima ambao hata vijana hushuka wakakokota. Asubuhi moja akasimama mlangoni pa kibanda ameishika baiskeli.

"Fundi, na mimi ni mteja. Nihudumie."

Hakupenda kuambiwa hivyo mbele ya watu. Akaipindua baiskeli kwa hasira, akaupima mnyororo, akaona umekufa. Mpya alikuwa nao, niliuona kwenye boksi lake. Lakini mpya ni wa mteja, wa nyumbani ataungiwa. Akainuka, akautungua ukutani mnyororo wa muuza mikate, akakata pingili nane zilizokuwa na nafuu, akazipachika palipokuwa pamelika zaidi kwa mkewe. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ufa wangu. Nikaona pini ya kiungo cha mwisho ikitoka yote, ikaanguka vumbini. Akaiokota. Akaipuliza, puh, akairudisha kwenye tundu lake na kuigonga nyundo mara mbili.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha macho yangu yakaenda kwenye lile neno la chaki, bado liko pale, na mawazo yakanijia matamu kabisa. Nikasema moyoni, utakatika tu. Utakatika sokoni mbele ya kila mtu, mke wa Haukatiki mwenyewe atakokota baiskeli hadi hapa, ndipo tutaona fundi ataandika nini. Nilifikiria kicheko. Sikufikiria mlima. Nikafunga mdomo nikakanyaga cherehani.

"Huu haukatiki," alimwambia mkewe, na wifi yangu akapanda, akanipungia mkono akaenda.

Ulishika siku nne. Siku ya tano alikuwa anapanda mlima na gunia la unga nyuma, amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na mnyororo ukaachia. Mguu ulitumbukia kwenye hewa. Alianguka kwa ubavu, baiskeli juu yake na gunia juu ya baiskeli. Nyonga ilivunjika. Alilazwa hospitali miezi miwili, akawekewa chuma, na aliporuhusiwa shule ilikuwa na mpishi mwingine. Siku zote hizo nilimpelekea uji na kumfulia nguo. Kila mara alisema, "Ahsante, wifi, Mungu akulipe." Nilikuwa nikitoka pale nakimbia.

Haukatiki aliendelea na kazi. Kuhusu mkewe alisema, "Ajali haina kinga," na hakuna aliyemuuliza zaidi. Ila nyundo yake ilipungua sauti.

Siku aliyorudi mtaani kwa mara ya kwanza, wifi yangu hakuja kunisalimu kwanza kama kawaida yake. Alipita mbele ya kibanda changu na fimbo yake, tok, tok, akaingia kwa mumewe. Muuza mikate alikuwepo anazibiwa pancha, na watu wengine watatu. Nikaacha cherehani nikasimama mlangoni pa fundi, maana kutoka kule kwenye ufa niliona haya kuchungulia.

Alifungua kitambaa cha jikoni. Mnyororo ulikuwemo, umefutwa vizuri.

"Tundika," akasema.

Fundi akautundika kwenye msumari uliobaki mtupu, ule wa muuza mikate.

"Sasa andika. Kila mtu umemwandikia."

Mwanamume huyu alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi. Chaki ilikuwa mkononi mwake, alihitaji kuandika neno moja, "fundi", na mambo yangeisha. Nadhani hata mkewe hakutaka zaidi ya hapo. Alitutazama sisi, akamtazama yeye, akageuka ukutani. Chaki ikavunjika, akaokota kipande. Akaandika, "Mpishi — uzito."

Hakuna aliyecheka. Muuza mikate aliangalia nje, ulimi wake ukipita palipokuwa na meno.

Wifi alisoma, akasoma tena. Hakulia. Aliushika mnyororo ncha moja kwa vidole viwili. "Pini haikuvunjika," akasema polepole. "Ilichomoka. Tundu zima hili hapa." Kisha akanigeukia mimi. "Wifi, wewe ndiye jirani wa ukuta. Siku ile alipoufunga, alitia pini mpya?"

Fundi akanitazama. Miaka kumi na tisa, sikuwahi kuona macho yale yakiomba. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini siyo. Nilijua swali litakalofuata. Nikisema aliirudisha ile maiti, ataniuliza, nawe uliyeona ulisema nini? Na huyu ndiye peke yake aliyewahi kuniinua kwenye tope.

"Nilikuwa nashona, wifi," nikasema. "Sikuona."

Akanitazama. Halafu akautazama ukuta wa pembeni, ule wa kati yetu, na ufa wake mkubwa ulio sawasawa na kichwa cha mtu aliyekaa kwenye cherehani. Kando zake mbao imekuwa nyeusi, inang'aa kwa mafuta ya nywele zangu. Alipeleka kidole akaligusa lile doa, akakitazama kidole.

"Haya, wifi," akasema. "Kashone."

Nikarudi kwangu nikashona.