Mama Tulia na seli ya saba iliyozushiwa kifo

Saa tatu na robo asubuhi. Chumba kina dirisha moja, na vioo vyake vya chini vimepakwa rangi ya buluu ili jua lisichujushe vitambaa. Mwanga unaopenya humo ni mpole, wa kimajimaji, na kila kitu kinaonekana kama kimezama kwenye kina kifupi cha maji. Upande mmoja fundi cherehani anashona kola. Upande wa pili mkewe ameketi kwenye stuli, mikono magotini, anaitazama betri iliyofunuliwa kifuniko.

Hafanyi kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

“Nailaza,” anasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. “Bado haijatulia.”

Mtaani wanamwita Mama Tulia, kwa sababu neno hilo haliishi mdomoni mwake. Huwaambia wateja, huambia betri, na siku nyingine humwambia mumewe. Ana miaka arobaini na miwili na anatengeneza betri za lithiamu, zile nzito za sola zinazowasha nyumba, maduka na majokofu. Sharti lake la kwanza halina mjadala. Betri ikifika, inachomolewa kila waya wa kuchajia na wa matumizi, kisha inalala nusu saa. Ndipo inapimwa.

“Betri iliyotoka kazini ni kama mtu aliyetoka mbio,” anasema. “Ukimpima mapigo ya moyo pale pale mlangoni, utamwandikia ugonjwa asio nao.”

“Betri anazilaza vizuri kuliko alivyowalaza wanangu,” mumewe anadakia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. “Watoto walikuwa wanapigiwa kelele. Betri inanong’onezwa.”

“Betri haijawahi kunijibu, baba watoto.”

Asubuhi hii aliye na haraka ni muuguzi wa zahanati, msichana mrefu ambaye kila mtu humwita Sista. Amesukuma betri hiyo kwa toroli ya wagonjwa tangu barabara ya juu. Ndiyo inayoendesha jokofu la chanjo, na tangu jana jioni jokofu limezimika. Chanjo zimehamishiwa kwenye kasha la barafu, na barafu hiyo itavumilia mpaka saa nane mchana, haizidi hapo. Kesho asubuhi kuna kina mama zaidi ya sitini watakaoleta watoto wao kuchanjwa.

“Mama Tulia, nusu saa ni nyingi,” anasema akitazama saa yake.

“Ni nyingi kwa aliyesimama. Kaa, mwanangu.”

Sista anakaa. Cherehani inavuma taratibu, kama mvua ya mbali. Mama Tulia amefumba macho sasa, na asiyemjua angedhani amesinzia. Yeye mwenyewe anasema huota, ila huota akiwa macho. Huuona mtaa mrefu wenye nyumba kumi na sita, kwa kuwa betri ya namna hii ina seli kumi na sita zilizoungwa moja baada ya nyingine. Kila nyumba ina taa dirishani. Yeye hupita mlango hadi mlango, pole pole, akitafuta nyumba ambayo taa yake haisemi kweli.

Yupo atakayesema hii ni kazi ya kukaza skrubu tu. Aje akae humu nusu saa, naye afumbe macho. Akiuona mtaa huo, apewe bisibisi.

Nusu saa ikiisha, anafumbua macho na kuwasha simu. Ndani ya betri kuna bodi ndogo ya ulinzi, yenye nyaya nyembamba zinazopima kila seli na kutuma majibu kwenye simu. Seli moja ikionekana imeshuka au imepanda kupita kiasi, bodi hufunga umeme usiingie wala usitoke. Leo simu inaonyesha seli kumi na nne zikiwa sawa kabisa, volti 3.29 kila moja. Ya saba inasoma 2.61. Ya nane inasoma 3.97.

“Ndiyo hiyo,” anasema Sista. “Fundi wa lile duka la sola aliiona jana. Akasema ya saba imekufa, na ya nane iko njiani. Tuache betri kwake, tununue mpya.”

“Na mpya mtaipata lini?”

“Kibali cha kununua huchukua miezi miwili.”

Mama Tulia anavuta stuli karibu. Anachukua mita yake, ambayo kioo chake kimefungwa kwa utepe, na kugusa seli ya saba yenyewe, chuma kwa chuma, bila kupitia kwenye bodi. 3.29. Anagusa ya nane. 3.29.

“Maiti wenu anapumua,” anasema.

Duka hilo la sola analifahamu kuliko wengi. Alilifagia miaka sita. Hakuna aliyemfundisha kitu pale, ila hakuna aliyemziba masikio pia. Alifagia huku akisikiliza, akaokota nyaya zilizotupwa, akasoma maelezo ya bodi kwenye simu usiku kucha huku mumewe akimfasiria kwa kamusi ya mtoto wao. Siku aliyothubutu kumwambia fundi mmoja kwamba ameunga waya nafasi isiyo yake, waliangua kicheko wote. Kisha bodi ikatoa moshi. Mwisho wa mwezi ule hakuwa na kazi.

Wala hajifanyi kuwa hajawahi kukosea. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kinyozi wa jirani. Simu ilimwonyesha seli moja imeshuka, naye akaiamini simu. Akang’oa seli, akaweka mpya. Baada ya saa moja na ile mpya “ikaugua”. Akaing’oa na hiyo. Seli ya tatu ilipoanza kusoma vibaya pale pale, akakaa chini sakafuni.

“Nilikuwa natimua wapangaji, kumbe mlango ndio mbovu,” anasema. “Nimetupa seli mbili nzima kwa neno la simu.”

Lakini jalalani hazikufika. Ziko hapo hapo juu ya meza yake, ni za saizi ndogo isiyofaa betri kubwa, zinachajiwa kwa jua na kuwasha taa ndogo ambayo haijazimika mwaka wa tatu huu. Kila anayeuliza huambiwa kosa lote, bila kupunguziwa.

Tangu siku hiyo anasoma namba kwa namna nyingine. Seli mbili jirani hupimwa kwa waya mmoja unaopita katikati yao, kama viwanja viwili vinavyogawana uzio. Uzio ukisogezwa, mmoja ataonekana kapunjwa na mwenzake kaongezewa, na kilichopungua huku ndicho kilichozidi kule.

“Jumlisha saba na nane,” anamwambia Sista.

Sista anahesabu midomo ikichezacheza. “Sita nukta tano nane.”

“Sasa chukua nyingine mbili zozote.”

Sista anahesabu tena. Ni ile ile.

“Ardhi haijaongezeka wala haijapungua,” anasema Mama Tulia. “Uzio tu ndio unaodanganya.”

Anafungua nati inayoushika waya huo kwenye seli, anausugua kichwa chake kwa msasa laini, anapangusa kwa spiriti, anakaza. Anatazama simu. 2.61. 3.97. Anachomoa plagi upande wa bodi, anaichungulia kwa lenzi, anairudisha. 2.61. 3.97.

Saa tano na nusu. Mumewe ameacha utani. Cherehani nayo imenyamaza.

“Mama,” Sista anasema kwa upole, “tukishindwa si vibaya. Nikiondoka sasa hivi, nitaziwahisha chanjo hospitali ya mbali zikahifadhiwe. Kina mama tutawaambia warudi wiki ijayo.”

“Wanatoka mbali?”

“Wengine wanatembea saa mbili.”

Mama Tulia anafumba macho tena. Anakaa hivyo kwa muda, kisha anaunyoosha mkono na kuushika waya kwa ncha za vidole, akiupapasa kidogo kidogo kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Katikati ya waya, pale unapojikunja chini kabisa karibu na tundu la hewa, namba kwenye simu zinacheza. 2.61. 2.94. 3.20. Kisha zinarudi.

“Hapo. Usinisemeshe.”

Anachuna ngozi ya waya kwa wembe. Nje ulikuwa mzima, mweusi, unang’aa. Ndani shaba imegeuka unga wa kijani, imebaki uzi mmoja mwembamba kama unywele. Anaunusa mkono wake, kisha anaunusa waya.

“Betri mmeiweka sakafuni?”

“Ndiyo, nyuma ya mlango.”

“Na sakafu mnapiga deki kwa dawa ile kali, ya kuondoa madoa?”

“Asubuhi na jioni,” Sista anajibu kwa fahari. Halafu fahari inamwisha usoni. “Jamani. Usafi wetu ndio ulioiponza?”

“Msiache kusafisha. Iinueni mezani, mbali na mvuke.”

Anakata kipande kibovu, anaunga kipya chenye urefu ule ule, analehemu. Moshi mwembamba wa risasi unapanda kwenye mwanga wa buluu na kujikunja, na kwa muda kidogo wote watatu wanautazama kama wamesahau kilichowakusanya. Simu inasoma 3.29. Na 3.29. Bodi inalia kidogo, inafungua. Mama Tulia anachomeka balbu ya majaribio, nayo inawaka moja kwa moja, bila kusitasita.

Sista anamkumbatia na bisibisi yake mkononi.

Mwezi mzuri Mama Tulia hupata betri kumi, mwezi mbaya tatu. Kazi moja humwingizia sawa na mashati manne ya mumewe, na mumewe hulitaja hilo kwa kila mteja, nusu kwa wivu, nusu kwa majivuno. Lakini anachokitaka hakimo kwenye hesabu hiyo. Kimo chini ya meza, ndani ya sanduku la mbao.

Ni seli kumi na nne nzima. Zote zilizushiwa kifo na mafundi wengine, wenyewe wakazitupa au wakamwachia bure. Zikifika kumi na sita atatengeneza betri moja na kuipeleka zahanati hiyo hiyo, kwenye chumba cha kujifungulia ambacho hadi leo hakina umeme wake. Mwanawe wa mwisho alizaliwa humo, mkunga akiwa ameng’ata simu kwa meno ili apate kuona.

Zimebaki mbili tu. Ya saba na ya nane zingetosha.

“Ungenyamaza tu leo,” mumewe anasema Sista akishamaliza kona na toroli yake. “Ungesema, ‘Ndiyo, zimekufa.’ Zingebaki hapa. Ungekuwa nazo kumi na sita sasa hivi.”

“Nililiwaza hilo,” Mama Tulia anakiri. “Nilipofumba macho mara ya pili. Niliziona zimewaka kwenye kile chumba, kuta zote nyeupe.”

“Halafu?”

“Halafu nikaona mama mmoja yuko njiani na mtoto mgongoni, anarudishwa.”

Anafuta meza kwa kitambaa, anaiweka mita mahali pake kando ya ile taa ndogo. Mumewe anarudisha mguu kwenye kanyagio.

“Kwa hiyo bado kumi na nne?”

“Bado kumi na nne,” anajibu, akisogeza stuli kuelekea betri inayofuata. “Tulia.”