Mtoto Aliyerithi Ukali

Pale Mukami alipokuwa akitandaza gunia lake la ndengu katika soko la Kiritiri, hajakaa mtu mwingine. Wauzaji wa pande zote mbili wangeweza kusogea wakapata nafasi zaidi, lakini wamepaacha wazi, na mbuzi hupita hapo wakiokota punje. Zamani walilalamika juu ya yule mtoto mgongoni mwake, aliyelia mpaka wateja wakaenda kununua kwingine. Sasa kelele hazipo, na hakuna anayefurahi.

Mtoto aliitwa Njuki, jina la baba mkwe wake Mukami, kama ilivyo desturi kwa kifungua mimba wa kiume. Mzee Njuki alikuwa amefariki kabla mjukuu hajazaliwa, lakini ukali wake ulikuwa ungali hai vinywani mwa watu. Aligombana na majirani, akagombana na mbuzi wake, na mvua ilipochelewa akagombana na mawingu. Kofia yake hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kwa hiyo mjukuu alipoanza kurusha kikombe cha uji na kusukuma mikono ya watu waliomgusa kichwa, boma zima lilicheka.

"Karibu nyumbani, mume wangu," alisema nyanya yake, Ciakuthii, maana mjukuu aliyepewa jina la mume ni mume. "Umerudi na vita vyako?"

"Mpe ugoro, mama, atatulia," akasema Nyaga, babake mtoto, akienda zake mtoni kupakia mchanga.

Mukami pia alicheka. Ilikuwa nafuu kucheka kuliko kuogopa. Mtoto alikataa kula, alilia akishikwa, akilazwa akalia zaidi. Sikio moja lilikuwa likitoa maji mazito, naye aliyafuta kwa pindo la leso.

"Mama, huyu mtoto ni mgonjwa," alisema siku moja.

"Mgonjwa? Hayo ni meno tu, na hicho kilio nakijua." Ciakuthii hakuinua macho kwenye ungo. "Nimeishi nacho tangu nikiwa msichana. Wewe umeolewa juzi ndiyo unifundishe mume wangu?"

Mukami akalifuta tena lile sikio. Ungemjibu nini mtu aliyemjua mwanao kabla hujamzaa?

Kisha homa ikaja, na kilio kikawa kikali kama cha mnyama aliyenaswa. Asubuhi ya siku ya soko Ciakuthii alikoroga uji wa wimbi kwa asali, kama mzee alivyoupenda, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Baba, kama kuna neno tulikukosea, limeze na hii asali. Mwache huyu msichana apumzike."

Akamtia kijiko kimoja mdomoni. Uji mwingine ulimwagika kidevuni. Baada ya muda mfupi mtoto akaacha kulia.

"Umeona!" Ciakuthii akapiga makofi. "Si nilikwambia? Ni mtu wa kubembelezwa tu."

Mukami alimfunga mgongoni akaenda sokoni. Ilikuwa siku nzuri, na baadaye hilo ndilo alilolichukia kuliko yote. Aliuza, akapiga soga, akacheka na Alice, muuza vitunguu wa jirani.

"Leo mzee amekupa likizo!" alisema Alice.

"Wacha! Hata sijui mgongo wangu ni wa nani."

Jua lilipokuwa utosini alimfungua ili amnyonyeshe. Mtoto hakunyonya. Shingo ilikuwa imekakamaa kama mpini, macho yakitazama juu, kando ya mama yake, pasipo mtu. Mukami aliita jina lake. Aliita tena, na wanawake wakaacha kuuza. Alice ndiye aliyesimamisha pikipiki.

Katika hospitali mjini Embu daktari aliuliza, "Amekuwa mgonjwa tangu lini?"

"Yeye ni mkali tu," Mukami alisikia kinywa chake kikijibu. "Amemrithi babu yake."

Daktari alimtazama, kisha akainama juu ya mtoto, akaendelea na kazi.

Njuki aliishi. Ugonjwa uliotoka sikioni ukapanda hadi kwenye utando wa ubongo uliacha uhai ukachukua kusikia, masikio yote mawili. Waliporudi nyumbani Ciakuthii alikuja mpaka nyuma ya Njuki, akaita polepole, "Mume wangu." Mtoto aliendelea kuchimba udongo kwa kijiti. Nyanya aliita mara nyingine, kwa sauti ya juu, kisha akaenda jikoni akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina hilo, wala Mukami hakumlaumu. Alijua ni nani aliyembeba asubuhi nzima bila kugeuza shingo.

Mukami sasa anaishi katika chumba cha kupanga mjini Embu, na huosha sufuria katika jiko la shule ya watoto viziwi ambako Njuki yuko darasa la chekechea.