Jastin na Pikipiki Isiyorudi Nyuma

Shemeji yangu Jastin Sichone hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana watu wakinisikia namzungumzia hudhani alikuwa mlevi au alimpiga dada yangu. Hakunywa, hakupiga. Alikuwa mtu wa kuanza, basi. Alianza kufuga njiwa, njiwa wakahamia kwa jirani. Alinunua gitaa la umeme ili apige kwenye kwaya ya vijana, na ujana wenyewe ulikuwa umeshampa mkono wa kwaheri, akajifunza wimbo mmoja na kipande. Alifungua chumba cha mazoezi, akanyanyua vyuma mpaka mgongo ukamshika, chumba kikawa stoo ya mahindi. Kila jambo alilieleza vizuri mno kabla ya kulifanya. Maelezo ndiyo yalikuwa kazi yake.

Aliyeilisha nyumba ni dada yangu Nesta. Ana yadi hapa Tunduma, nyuma ya barabara kuu, malori yanakoegeshwa yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Mimi, Marita, napika chakula cha madereva kwenye kibanda cha humo humo yadini, kwa hiyo ninayosimulia niliyaona. Tulizaliwa Kamsamba, bondeni kwenye joto na mpunga. Nesta akiwa msichana aliendesha baiskeli ya baba yenye gunia nyuma, juu ya kingo za majaruba, na hakuanguka. Sisi wengine tulianguka, naye alitucheka kila mmoja kwa zamu yake. Dharau hakujifunzia mjini.

Basi akaja Felix, Mzambia wa Nakonde, mtu wa tabasamu na miwani myeusi. Alikuwa na kikundi cha watu wenye nafasi ambao Jumamosi huenda kuhangaisha matope kwa pikipiki za magurudumu manne, zile za michezo, kwadi kama wanavyoziita vijana. Alikuwa na mbili za kuuza. Akaziacha pale yadini chini ya turubai ili Jastin azikague achague moja.

Nyekundu ilikuwa na injini kubwa, mvutano wa kupanda mlima bila kelele nyingi, na rivasi. Nyeusi ilikuwa ya mashindano: pana, imelala chini, shokapu ngumu, na ukiigusa resi inachomoka. Rivasi haikuwa nayo.

"Kwenye mashindano hakuna anayerudi nyuma, ba Jastin," Felix alisema, kwa neno la heshima la kwao, na Jastin akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa andiko.

Kuanzia hapo akapata ajira. Asubuhi aliketi juu ya nyekundu, alasiri juu ya nyeusi, zote zimezimwa. Alitazama video kwenye simu mpaka bando likakata. Aliwaeleza madereva habari za shokapu, watu walioshuka na malori kutoka Dar mpaka Lubumbashi. Nao walimsikiliza huku wakitafuna ugali wangu na kukonyezana. Hata mchungaji, aliyepita kuulizia mabati ya kanisa, alishikwa mkono akaonyeshwa upana wa tairi.

"Unaonaje, mchungaji? Nguvu, au wepesi?"

"Nionavyo mimi," mchungaji akasema, akitafuta njia ya geti, "ni mambo ya kuombea."

Nesta alikuwa dirishani kwenye ofisi yake. "Baba Grace," akaita, kwa jina la binti yao aliye shule ya bweni, "kuku angeatamia hivyo, vifaranga wangeshaanza kuparua. Washa basi moja tuone."

Felix akaona biashara inachacha. Jumamosi iliyofuata akazipakia kwenye Canter, tukaenda sote mpaka kwenye mteremko mmoja nyuma ya kijiji cha Mpemba, ardhi nyekundu, mawe, na vijia vya mbuzi. Jastin alivaa suti ya mpira yenye mistari, magoti ya plastiki na helmeti kubwa. Alifanana na mende aliyesimama wima.

Alianza na nyeusi. Aliiendesha kwa mwendo wa mwanamke mwenye ndoo kichwani, na mwanamke mwenye ndoo alikuwepo kweli, akampita, akamsalimia. Akapanda nyekundu, akazunguka kichuguu, akarudi.

"Nimeisikia tofauti," akasema akihema. "Nyeusi ina kitu."

"Kitu gani?" akauliza Nesta.

"Huwezi kuelewa, Mama Grace. Haya ni mambo ya kiufundi."

Dada yangu alikunja kitenge, akabaki na suruali aliyovaa chini yake kwa ajili ya baridi, akapanda nyekundu. Felix akaanza kumwonyesha klachi, akamwondoa mkono wake kama unavyoondoa nzi. Injini ilizima mara ya kwanza. Mara ya pili akaondoka. Hakwenda kwenye kichuguu. Alikwenda moja kwa moja juu, kwenye mawe, amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, kama vile kuna gunia nyuma na ukingo wa jaruba mbele. Alipotea ng'ambo ya kilima. Jastin akasema amekufa. Alirudi na matope mpaka kwenye nyusi, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu utotoni: alikuwa anafurahi, na hakuwa anamfurahia mtu aliyeanguka.

Kisha akamwona Jastin, furaha ikaingia ndani.

"Chukua hii," akamwambia. "Inapanda, na ukikosea inakurudisha. Wewe utakosea."

Nadhani angenyamaza, Jastin angechukua nyekundu. Niliona macho yake yakiitamani. Lakini maneno yale yalisemwa mbele ya Felix, mbele yangu, na mbele ya mwanamke wa ndoo, aliyekuwa ametua mzigo ili atazame vizuri.

"Nachukua nyeusi," akasema.

Safari yake ya kwanza na kikundi ilikuwa kushuka Msangano, kule bondeni, masika yameshika. Mimi nilipanda Canter na masufuria. Nyekundu ilikuwa bado haina mnunuzi. Felix alikuja nayo, na Nesta akasema ataishusha yeye. Hakuomba.

Wenzake walikuwa watu wazima wenye maduka na vitambi, wakipigana picha kila penye dimbwi kana kwamba wamelichimba wao. Jastin alikuwa wa mwisho kwenye msururu. Kufika chini, akaona kijia kinachokatiza shamba la mahindi, akaamua awapite wote kwa njia ya mkato. Kijia kilikuwa kati ya mahindi na korongo lililochimbwa na mvua. Kadiri alivyokwenda kilibana, mpaka magurudumu ya nyeusi, kwa upana wake, yakawa yanakula udongo wa ukingo. Mbele yake wakatokea ng'ombe.

Sisi tuliona kutoka barabarani, tukashuka kwenda kumsaidia. Nesta alikuwa ameshatangulia kwa mguu, nyekundu ameiacha penye uwazi. Ng'ombe walikuwa wamemzunguka Jastin, mmoja ananusa helmeti. Mwenye mifugo, Yesaya, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa ameinama anaikagua mashine.

"Baba, rudisha hiki kitu nyuma, ng'ombe wangu wapite."

"Hairudi," akasema Jastin.

"Imeharibika?"

"Ni nzima. Ndivyo ilivyoundwa."

"Hata huyu," akasema Yesaya, akimpiga ng'ombe kofi la upole, "hajaenda shule, na kurudi nyuma anajua."

Nesta alicheka. Nimesikia kicheko chake maisha yangu yote, lakini kile kilitoka tumboni, kikapita juu ya mahindi mpaka kwa wenye vitambi kule barabarani, nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Jastin alishuka. Matope yalimfika juu ya plastiki za magoti. Akashika sehemu ya nyuma ya mashine kujaribu kuinyanyua aigeuze, mgongo ukamshika palepale, akabaki ameinama.

Tuliigeuza sisi: Yesaya, Nesta na mimi, tukiinyanyua nyuma kidogo kidogo huku ng'ombe wakitungoja kwa ustaarabu kuliko wanakikundi. Ilipogeuka, Nesta akapangusa mikono.

"Haya, bingwa. Panda."

Jastin alivua helmeti. Uso wake ulikuwa umepauka kwa aibu kama uliopakwa chokaa, sijui nisemeje vingine.

"Tangu nikuoe, Mama Grace," akasema, sauti haikupanda hata kidogo, "hujanitazama siku moja bila kucheka."

"Fanya basi siku moja jambo lisilochekesha."

Akaiweka helmeti juu ya siti, akapita katikati ya ng'ombe, akaenda zake kwa miguu mpaka Msangano. Hakula chakula changu. Alipanda gari la watu wengine kurudi.

Kesho yake alikwenda kwa mama yake, karibu na Mbozi Mission, kwenye kahawa. Alisema anakwenda kupumzisha mgongo. Nesta akasema, "Wiki moja. Ataeleza namna ya kupogoa, kisha atarudi." Nyeusi, Nesta aliiuza kwa mmoja wa wenye vitambi, aliyefurahi sana kuambiwa haina rivasi. Nyekundu akainunua yeye, na sasa Jumamosi anashuka nayo mpaka Kamsamba kwa baba, na wanawake wa kanisa wanasema yao. Aliwahi kuwasikia. Aliwauliza kama kuna mwenye uwezo wa kumsema usoni. Hakuwepo.

Wiki haikuwa moja. Msimu wa mavuno ulipofika, Nesta akaniambia nipande nyuma, twende Mbozi tukamwone mtu wake alivyochoka. Tulimkuta shambani na vibarua wa mama yake. Amekonda, amevaa buti za kawaida. Alikuwa anachuma, mikono miwili, haraka, bila kuitazama. Matawi yalikuwa yamepogolewa vizuri. Hilo hata mimi niliona.

"Karibu, Mama Grace," akasema. "Shemeji, karibu. Mama yuko kule, kuna uji."

Nilingoja maelezo. Nilijiandaa kabisa kusikia habari za udongo, mbolea na bei ya dunia. Hakueleza kitu. Hakuuliza hata habari za pikipiki, nayo ilikuwa imesimama pale mbele yake. Aliendelea kuchuma. Nesta alisimama na funguo mkononi, akiangalia kikapu kinavyojaa, na kwa mara ya kwanza nikaona anatafuta pa kuchekea na hapaoni.

Tulikunywa uji kwa mama mkwe, tukaondoka. Penye kona ya kwanza akapunguza mwendo, akageuza shingo kunisemesha.

"Na kahawa ataichoka," akasema. "Ngoja uone."

Nikasema ndiyo, ataichoka. Misimu miwili imepita. Hajaichoka, na hajarudi.